Eneo la Kuchukulia: Kauli ya Kutendea na Ngeli ya Mahali katika Lugha ya Programu za Ghala

1.0 Utangulizi

Tangu mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu za ofisi zenye sura ya Kiswahili, mjadala wa istilahi za kompyuta umejikita zaidi katika maneno ya mezani: faili, kabrasha, dirisha, kipanya. Programu zinazoongoza kazi za mikono na miguu, zile zinazomwambia mtu aende ujia upi, asimame wapi, atwae nini na kiasi gani, hazijapata uangalizi unaolingana na uzito wake. Makala haya yanaangalia kipengele kimoja cha programu za namna hiyo, nacho ni upangaji wa maeneo ya kuchukulia bidhaa katika programu za usimamizi wa ghala. Yanaeleza kwanza jinsi kipengele hicho kinavyofanya kazi, kisha yanaonyesha kwamba sarufi ya Kiswahili, hasa kauli ya kutendea na ngeli ya mahali, ina nyenzo za kukieleza kwa usahihi ambao Kiingereza, kinachotumiwa aghalabu kama lugha chanzi, hakina.

Uzito wa jambo hili unadhihirika mtu akifikiria ghala la dawa. Zahanati imeagiza vidonge vya miligramu 250. Mchukuaji akisimama mbele ya rafu isiyo yake na kutwaa vya miligramu 500, vilivyomo katika boksi la rangi ileile, kosa hilo laweza kupita ghalani bila kuonekana na kuja kudhihirika kwa mgonjwa. Katika hali hiyo kompyuta haitakuwa imekosea hesabu. Itakuwa imetoa agizo ambalo msomaji wake alilielewa vingine.

Jina la mahali penyewe halina utata mkubwa. Kiswahili kina ghala, neno lililotoka katika Kiarabu ambako linahusu mavuno, kina godauni, lililosafiri kutoka Bara Hindi na Kusini-Mashariki mwa Asia kupitia vinywa vya Wareno na Waingereza, kina stoo, na kina bohari, ambalo katika Tanzania limepata hadhi ya kisheria katika jina la Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa Sheria Namba 13 ya mwaka 1993. Makala haya yanatumia ghala kwa kuwa ndilo pana zaidi. Matatizo yanaanza mtu akishaingia ndani.

2.0 Muundo wa Ghala ndani ya Programu

Mfano utakaotumika hapa ni programu ya usimamizi wa ghala ya SAP, kampuni iliyoasisiwa nchini Ujerumani mwaka 1972. Haikuchaguliwa kwa kuwa ni bora kuliko nyingine. Imechaguliwa kwa sababu ngazi za ghala zimebainishwa ndani yake waziwazi, na kwa sababu historia yake ya kilugha ina funzo kwa mfasiri.

Juu kabisa pana namba ya ghala. Chini yake zipo aina za hifadhi: rafu ndefu, sakafu, chumba cha baridi cha nyuzi 2 hadi 8, kizimba chenye kufuli kwa dawa zinazodhibitiwa, sehemu ya kupokelea, sehemu ya kupakilia. Kila aina ya hifadhi ina sehemu zake, na sehemu hizo zina viweko. Kiweko ndicho kipimo kidogo kabisa cha nafasi ambacho programu inakitambua, nacho kina anwani, kwa mfano 02-07-1, yaani ujia wa pili, safu ya saba, daraja la kwanza. Ndani ya kiweko mna fungu: kiasi cha bidhaa moja ya bechi moja. Neno fungu linafaa hapa kuliko mengi yaliyowahi kubuniwa, kwa kuwa mnunuzi wa nyanya sokoni analijua tayari kwa maana hiyohiyo ya kiasi kilichotengwa na kuhesabiwa kama kitu kimoja.

Ama kuhusu kiweko, mtu angeweza kupendekeza kishubaka au kidaka. Yote mawili ni maneno mazuri, na vidaka vya kuta za nyumba za Lamu ni ushahidi kwamba wenyeji wa pwani walikuwa na utaratibu wa kila chombo na mahali pake kabla ya kompyuta kuzuka. Hata hivyo shubaka na kidaka ni uwazi ndani ya kitu. Programu inahesabu pia kuwa kiweko mraba uliochorwa kwa rangi sakafuni, usio na ukuta wala kifuniko. Neno la Kijerumani linalotumiwa na waundaji wa programu, Lagerplatz, linasema tu mahali pa kuhifadhia. Waingereza ndio waliolitafsiri kwa neno lenye maana ya sanduku au pipa. Mfasiri wa Kiswahili akifuata Kiingereza atajikuta anatafuta jina la sanduku ambalo halipo.

Sasa lije eneo la kuchukulia. Kosa la kawaida katika kulieleza ni kulichukulia kuwa ngazi nyingine katika mteremko ule: ghala, aina ya hifadhi, sehemu, eneo la kuchukulia, kiweko. Sivyo lilivyo. Ndani ya aina moja ya hifadhi viweko vinaweza kukusanywa katika makundi kwa mitazamo miwili. Mtazamo wa kwanza ni wa anayeweka: mizigo mizito daraja la chini, mizigo myepesi daraja la juu, bidhaa zinazotoka sana karibu na mlango. Mtazamo wa pili ni wa anayechukua: ujia wa kwanza hadi wa nne ni wa mfanyakazi mmoja, wa tano hadi wa nane ni wa mwingine. Kiweko 02-07-1 kwa hiyo kina uraia wa mahali pawili kwa wakati mmoja. Katika kumbukumbu yake, uraia wa kwanza ni wa lazima na wa pili ni wa hiari. Ghala dogo lenye mchukuaji mmoja laweza kuendeshwa bila eneo la kuchukulia hata moja.

Kijerumani kimeyapa makundi hayo majina yanayokaribiana, Lagerbereich na Kommissionierbereich. Sehemu ya pili ya majina yote mawili ni ileile, na kinachobadilika ni kazi inayotendeka. Kiingereza kimeyapa majina mawili yaliyoachana, moja likisema sehemu na jingine likisema eneo, kana kwamba tofauti iko katika ukubwa au umbo la ardhi. Hapa ndipo Kiswahili kinapoweza kurejea kwenye mantiki ya asili bila kujilazimisha: eneo la kuwekea na eneo la kuchukulia. Eneo ni lilelile. Vitenzi ndivyo viwili.

3.0 Kitenzi cha Kuchukua

Neno la Kiingereza “pick” linabeba matendo ambayo Kiswahili kinayatenga. Karafuu huchumwa mtini na zilizoanguka huokotwa. Nazi huanguliwa. Pamba na mchele huchambuliwa. Mgombea huteuliwa, kitambaa huchaguliwa, na kuku hudonoa. Mfasiri anayefungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili anakabiliwa na orodha hiyo yote, na kamusi haimwambii ni lipi la ghalani.

Kuokota hakufai. Kinachookotwa kiko chini, na mara nyingi hakina mwenyewe. Mtu aliyeokota fedha hakuzifuata. Mchukuaji wa ghalani amekifuata kitu anachokijua jina, namba na kiasi. Kuchuma kunadai shina ambalo kitu kimeshikamana nalo. Kuchagua na kuteua kunampa mtendaji hiari, na hiari ndiyo hasa ambayo programu inakusudia kumwondolea: ikiwa kuna mafungu matatu ya dawa moja, ni programu inayoamua kwamba fungu lenye tarehe ya karibu ya kuisha muda litoke kwanza, na mchukuaji akijichagulia mwenyewe lililo karibu na mkono wake, utaratibu mzima umevunjika. Istilahi yenye kuchagua ndani yake ingekuwa inampotosha kazini kila siku.

Kukusanya kunavutia zaidi. Kitenzi cha Kijerumani, kommissionieren, hakihusiani kabisa na matunda. Maana yake katika kazi hii ni kukusanya bidhaa kwa mujibu wa agizo. Kifaransa nacho kinasema kutayarisha maagizo. Kwa hiyo mtu angeweza kudai kwamba eneo la kukusanyia ni tafsiri aminifu zaidi ya wazo la asili. Lakini tayari kukusanya kuna kazi nyingine ghalani. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanzishwa Tanzania kwa sheria ya mwaka 2005, ghala la kukusanyia ni lile ambako wakulima hupeleka korosho au ufuta. Kukusanya huko ni kuingiza. Programu ikimwambia karani wa huko kwamba kiweko fulani kimo katika eneo la kukusanyia, ataelewa kwamba hapo ndipo mizigo inapofikia, kumbe ndipo inapotokea. Istilahi inayogeuza mwelekeo wa mzigo haifai hata kama asili yake ni safi.

Kutoa nako ni kupana mno. Hati ya kutolea mali inahusu tendo zima la mali kuondoka katika dhamana ya ghala, ambalo hukamilika kwa saini. Dawa iliyotwaliwa rafuni na kusubiri kwenye meza ya kufungashia imechukuliwa, ila haijatolewa. Wakaguzi wa hesabu wanaishi kwa tofauti hiyo.

Kinachobaki ni kuchukua, na hakibaki kwa kukosekana kingine tu. Kitenzi hiki kina maana mbili kongwe, kutwaa na kubeba, na mfanyakazi anayezungumziwa hufanya yote mawili: hutwaa kiwekoni na kubeba hadi mahali pa kuunganishia. Hofu kwamba kingegongana na uchukuzi haina msingi, kwa kuwa unyambuaji umekwisha kugawa kazi. Mchukuzi na uchukuzi ni wa mizigo barabarani na bandarini. Mchukuaji na uchukuaji viko huru kwa kazi ya rafuni.

Swali linalofuata ni kwa nini kuchukulia badala ya kuchukua. Kauli ya kutendea, pamoja na kuonyesha anayetendewa, huonyesha chombo na mahali: kisu cha kukatia, sufuria ya kupikia, chumba cha kulia. (Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawachoki kuuliza ni nani aliayo katika chumba hicho.) Ni kweli kwamba lugha haitumii kauli hiyo kila mahali, watu husema chumba cha kulala, wala si cha kulalia. Lakini kulala hakuna yambwa, hivyo hakuna kitakachodhaniwa kuwa ndicho kinacholalwa. Kuchukua kuna yambwa. Mzigo wa kuchukua ni mzigo utakaochukuliwa, na kwa sarufi hiyohiyo eneo la kuchukua ni eneo litakalotwaliwa, kama kiwanja. Katika sentensi kamili, eneo la kuchukua bidhaa, yambwa inaokoa maana. Lakini nafasi katika kioo cha kifaa cha mkononi ni ndogo, na neno la kwanza kukatwa ni bidhaa. Eneo la kuchukulia linabaki na maana yake hata likiwa peke yake. Maana nyingine ya kuchukulia, ile ya kudhania jambo kuwa hivi au vile, huhitaji kijalizo kinachosema jambo hilo limedhaniwa kuwa nini, na kijalizo hicho hakipo hapa.

4.0 Upangaji Wenyewe

Kazi ya kupanga maeneo ya kuchukulia haianzii kwenye kompyuta. Inaanzia sakafuni, kwa mtu anayetembea na karatasi. Sehemu kubwa ya muda wa mchukuaji huishia katika kutembea, na shabaha ya kugawa maeneo ni kupunguza hatua hizo. Agizo lenye mistari 40 likipewa mtu mmoja katika ghala lenye nyujia 12, atazizunguka zote. Likigawanywa kwa maeneo matatu, programu itatoa kazi tatu, watu watatu watazifanya kwa pamoja, kisha mizigo itakutana mahali pa kuunganishia.

Ubaya ni kwamba kila mgawanyo unaongeza kuunganisha. Ghala ambalo maagizo yake ni ya mistari miwili au mitatu likigawanywa katika maeneo manane litakuwa limebadilisha kutembea kwa kusubiriana: boksi moja linamngojea mwenzake ambaye bado yuko chumba cha baridi. Hakuna kanuni ya idadi. Kinachotazamwa ni urefu wa maagizo ya kawaida, idadi ya wachukuaji wa zamu moja, na tofauti za lazima za mazingira au zana. Dawa za baridi na zile za kizimbani hazihitaji mjadala. Zimekwisha kutengwa na hali ya joto na kufuli, kila kundi katika aina yake ya hifadhi.

Mipaka ikishakubaliwa, eneo hupewa alama isiyozidi herufi tatu na maelezo mafupi, kisha alama hiyo huandikwa katika kumbukumbu ya kila kiweko kinachohusika. Katika majedwali ya ndani uwanja huo unaitwa KOBER, kifupi cha lile neno la Kijerumani, na haubadiliki hata kioo kikiwa katika lugha gani. Hakuna neno la Kiswahili litakalotosha katika herufi tatu, wala halihitajiki. Alama ni alama. Penye haja ya Kiswahili ni katika maelezo, kwani ndiyo yanayosomwa na mtu wa zamu ya usiku asiyekuwapo kwenye mafunzo. Maelezo ya “Eneo A” hayamsaidii. “Nyujia 1–4, vidonge” yanamsaidia.

Programu mpya zaidi ya kampuni hiyohiyo, iliyoanza kutolewa katikati ya miaka ya 2000, imeupanua utaratibu huu na kuzungumzia eneo la shughuli. Kiweko kimoja kinaweza kuwa katika eneo moja kwa shughuli ya kuchukua, jingine kwa kuweka, na jingine kwa kuhesabu. Kila eneo lina mfuatano wake wa viweko, na mfuatano huo lazima upangwe kwa tendo la pekee baada ya viweko kugawiwa. Wasimamizi wageni husahau tendo hilo mara nyingi.

Mfuatano unastahili maelezo zaidi. Namba za anwani zikifuatwa kama zilivyo, mchukuaji atamaliza upande mmoja wa ujia, arudi mwanzo, aanze upande wa pili. Mwendo unaofaa mara nyingi ni wa nyoka: kupanda ujia wa kwanza akihudumia pande zote mbili, kushuka wa pili, kupanda wa tatu. Mtu atakayeeleza mwendo huo kwa kulia na kushoto ataumbuka, kwa kuwa kulia kwa anayepanda ni kushoto kwa anayeshuka. Safu za witiri na safu za shufwa hazigeuki na mtu akigeuka. Maneno haya mawili, ambayo wengi huyajua kwa sala na hesabu, yanastahili kurudishwa kazini hapa. Vilevile inafaa vitu vizito vitangulie katika mfuatano ili visije vikawekwa juu ya chupa za dawa ya maji.

5.0 Hapana, Hamna, Hakuna

Sehemu iliyo ngumu kuliko zote kwa mfasiri ni ile ya mchukuaji kufika kiwekoni asikute kitu. Ngeli ya mahali ya Kiswahili inatofautisha mambo matatu: pa- kwa mahali mahususi, ku- kwa mahali pasipobainishwa au eneo pana, mu- kwa ndani. Tofauti hiyo inaingia hadi katika kukanusha. Hapana dawa: mahali hapa hasa. Hamna dawa: ndani ya hiki. Hakuna dawa: katika eneo zima, au popote.

Ngazi hizi tatu zinalingana na ngazi za programu kiasi cha kushangaza. Mchukuaji aliyesimama mbele ya kiweko kitupu anajua jambo moja tu, kwamba hamna. Hajui kama kiweko cha akiba daraja la nne kina fungu jingine, wala kama katika eneo la jirani kuna boksi lililowekwa kimakosa. Programu nzuri humpa nafasi ya kutoa taarifa hiyo finyu, kisha hufuata hatua zake yenyewe: kiweko hufungwa kwa muda, hesabu ya kiweko huagizwa, na fungu katika kiweko kingine hutafutwa. Ni baada ya utafutaji huo kushindwa ndipo inapokuwa halali kusema hakuna, na neno hilo ndilo linaloifikia zahanati.

Kitufe kimoja kilichoandikwa “Hakuna” kinazichanganya hatua hizo. Mchukuaji anakibonyeza akimaanisha kiweko, mpokeaji wa taarifa anasoma akielewa ghala, na mgonjwa anaambiwa aende akanunue dawa ambayo imelala mita 20 kutoka pale ilipokanushwa. Kosa hili halitokani na uzembe wa mtu. Linatokana na mabadiliko ya lugha yenyewe: kwa wasemaji wengi wa leo, hasa wa bara, hapana limebaki kuwa neno la kukataa tu, na hamna na hakuna hutumika bila tofauti. Anayetegemea viambishi peke yake kubeba tofauti ya ngazi anawategemea wasemaji ambao huenda hawamo katika zamu hiyo.

Kwa sababu hiyo viambishi vibaki, lakini viungwe mkono na nomino: “Hamna kiwekoni”, “Hakuna katika eneo”, “Hakuna ghalani”. Nomino hizo zinaongeza herufi chache, na katika kioo chembamba herufi zina gharama. Panapolazimu kukata, likatwe jina la bidhaa, ambalo mchukuaji analo tayari katika mstari wa juu, na jina la mahali libaki. Kitufe cha kwanza tu ndicho kiwe mikononi mwa mchukuaji. Viwili vinavyofuata viwe vya programu yenyewe au vya msimamizi wa zamu baada ya hesabu ya kiweko kukamilika.